Sauti ya Hud Ndani ya Falaji

Nyumbani kwa Bi Ghalia, pale Ibra, Omani, chumvi ilipigwa marufuku tangu siku aliyozikwa Hud. Haikupunguzwa kama wanavyoshauri madaktari, la. Ilifukuzwa, yenyewe na kopo lake na kijiko chake. Mchuzi ukawa kama maji ya kunawia, na samaki wa kutoka Sur, aliyeishi baharini umri wake wote, akifika jikoni kwa Bi Ghalia alioshwa mpaka akasahau kwao.

Binti yake, Shukriya, aliyekuwa amemaliza sekondari mwaka ule wa 1998 na hajapata pa kwenda, alificha pakiti za chipsi ndani ya foronya ya mto wake. "Wenzangu mkilala mnaota," aliwaambia shoga zake, "mie nikigeuka tu kichwa kinafanya kwacha-kwacha." Wakacheka. Kuchekesha ndiyo iliyokuwa kazi yake katika nyumba ile, na tangu Hud aondoke kazi ilikuwa nzito, maana zamani waliifanya wawili.

Hud, kaka yake, alichukuliwa na wadi. Siku zote wadi ni njia ya mbuzi na magari, mawe matupu. Mvua ikinyesha milimani, hata kioo cha gari hujakifunga imeshakuwa mto. Alikuwa akienda Sur. Walimkuta mbali huko chini, amekwama kwenye migunga. Bi Ghalia alikuwa Nizwa kwa mdogo wake aliyejifungua, na maiti haingojeshwi. Kwa hiyo Amur, kaka yake Bi Ghalia, ndiye aliyemwosha kijana, akamvisha sanda, akamzika. Mama alipofika, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji.

"Uso wake umeuona?" alimuuliza Amur.

"Nimemwosha kwa mikono yangu, dada."

"Nimekuuliza uso."

Amur hakuwa mtu wa uwongo, wala hakuwa na ulimi wa kumwambia mama mtu mawe ya wadi humfanya nini mwanadamu. Akainama. Kuinama kule kuliacha mlango wazi, na mlangoni likaingia neno moja la watu wa huku bara ya Omani: mughayab.

Mughayab ni mtu mnayedhani amekufa, kumbe wachawi wamemficha. Mlichozika ni gogo la mtende lililovishwa sura yake. Mwenyewe yuko mlimani anawachungia watu mbuzi, hata jina lake halikumbuki. Aweza kurudi, lakini huko aliko halishwi chumvi, na akikaribia kwao akaisikia harufu yake jikoni, hugeuka akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyoelezwa Bi Ghalia na majirani. Yeye kazaliwa Pemba, kaja Ibra mtu mzima, lakini neno lile alilishika kuliko waliomwazima.

"Umezika gogo, Amur."

"Dada, mie nishawahi kuosha gogo?"

Tangu hapo hawakula sinia moja.

Haya yote Shukriya angeyavumilia. Kilichomshinda ni falaji.

Falaji ya Ibra, mfereji ule wa kale uliochimbwa chini ya ardhi kuleta maji kutoka kwenye chemchemi, hutambaa gizani chini ya majumba ya mji mkongwe, halafu hutokea kwenye mitende. Pale inapotokea pana ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta ndipo wanawake wanapofulia na kuoshea vyombo. Wanaume hawapiti. Alasiri moja Bi Kaltham, jirani, alikuwa akisugua sufuria pale, akasikia mtu anaimba ndani ya shimo la falaji. Si nyimbo ya Kiarabu. Ya Kiswahili, tena anaijua:

Karafuu zi juani, na mvua imefika,
Mkono wa kuanua, ndio uliokushika.

Bi Kaltham aliiacha sufuria ikaenda na maji. Nyimbo ile hakuna Ibra nzima aliyekuwa nayo ila Bi Ghalia, aliyeitunga mwenyewe kule Pemba, mtoto mkononi na karafuu zimeanikwa uwanjani na wingu linakuja. Na sauti ilikuwa ya Hud.

Kesho yake Bi Ghalia alikuwapo, amepiga magoti kwenye tope. Sauti ilipotoka alitia kichwa ndani ya shimo akaita, "Hud! Hud, mwanangu, uko wapi?" Na sauti ikakatika hapo hapo, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Mmeona?" alisema Bi Ghalia, maji yakimchuruzika usoni. "Amenisikia. Wamemnyamazisha."

Wanawake waliokuwapo walianza kusoma Ayatul Kursi, kila mmoja akianzia mahali pake.

Ikawa kila alasiri. Bi Ghalia akiita, nyimbo hutoka. Siku nyingine hutoka kabla hajaita. Habari zikamfikia mtu mmoja upande wa Bahla, anayesema anajua kuwarudisha waliofichwa, akaleta maagizo. Shati la kijana lisilofuliwa. Mbuzi mweusi. Na kabla ya lolote, Ijumaa inayokuja, kaburi lifunuliwe, ili mama alione gogo kwa macho yake.

Amur alikuja mbio, akasimama uani na funguo za gari mkononi.

"Ghalia, kaburi la mwanetu hulifukui. Labda unizike mie juu yake kwanza."

"Kwani una wasiwasi gani? Si umezika mtu? Basi tutamkuta mtu."

"Hutaki kumkuta! Walla hutaki!"

"Unaona?" Bi Ghalia alimgeukia binti yake taratibu. "Unaona anavyotetemeka?"

Shukriya alimtazama mjomba wake, akaona kwamba anatetemeka kweli, na akaelewa ni kwa nini. Alichokiona Amur akimwosha Hud amekistahimili. Mama akikiona Ijumaa, hatarudi tena kutoka pale kaburini, hata kama miguu yake itarudi nyumbani.

Alasiri ile aliubeba ungo wa vyombo visivyo na uchafu wowote, akaenda mwenyewe falajini.

Alikuwa amejiandaa kutoamini. Lakini ilipoanza, ikitoka gizani pamoja na ubaridi wa maji, vinyweleo vilimsimama mpaka kisogoni. Hud. Hud aliyemfundisha kupiga mbinja, aliyemwita "Bi Mdogo Kelele". Alikuwa karibu, alikuwa mbali, alikuwa kama mtu anayeimba akiwa ndani ya mtungi. Baada ya "imefika" akakohoa kidogo, akacheka, akaendelea. Shukriya alilia bila kujijua, akirudi nyumbani na vyombo vikigongana ndani ya ungo.

Siku ya pili alirudi. Hud akaimba. Baada ya "imefika" akakohoa. Akacheka.

Siku ya tatu, "imefika". Kikohozi. Kicheko.

Shukriya akakaa chini juu ya jiwe. Huyu kaka yake hakuwahi kurudia mzaha mmoja kwa namna moja. Hata salamu alikuwa akiibadilisha. Leo kafa, au kafichwa, ndipo kawa mtu wa mpangilio? Mzimu gani unakohoa pale pale kila siku?

"Kaseti," alisema kwa sauti, na shimo likamrudishia: seti... seti...

Hakumwambia mama. Alimfuata Amur dukani kwake, na Amur alisikiliza mpaka mwisho, akatia mkono kichwani. "Huko juu falaji inapita chini ya nyumba moja tu yenye mtu," alisema. "Ile ya mji mkongwe, yenye ngazi ya kushukia kwenye maji mle ndani. Anakaa Mtaliana."

Mtaliana kila mtu alimjua na hakuna aliyemjua. Mzee mrefu aliyepanga jumba lililopasuka kuta, hatoki, hapigwi picha, hapokei wageni. Kulikuwa na waliosema jasusi, na waliosema anatafuta mafuta, ingawa mafuta gani hutafutwa na mtu asiyefungua dirisha? Hud ndiye aliyekuwa akimpelekea mikate na betri.

Walibisha sana mlango. Ulipofunguka, alisimama mtu mwembamba, ndevu nyeupe, amevaa dishidasha na soksi za sufi. Akamtazama Shukriya, akaweka mkono kifuani, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mwanangu."

"Marahaba," mdomo wa Shukriya ulijibu wenyewe, kabla hajashtuka kwamba mzee wa kumzaa babake amemwamkia. Amur akakohoa. Halafu wote wawili wakatambua kwa pamoja: Hud. Hud ndiye aliyemfundisha mzee wa watu kwamba kwa Kiswahili mkubwa humwamkia mdogo, akaenda kaburini bila kumrekebisha. Ulikuwa mzaha wake, mzima mzima, bado una joto.

Mzee aliitwa Tulio. Kiswahili chake kilikuwa cha Hud, kimechanganyika na Kiarabu cha sokoni, na herufi ya H hakuiweza kabisa. Hud alikuwa "Ud". Aliwakalisha kwenye mkeka, akajieleza kwa shida, akitazama mikono yake.

Kwao alikuwa mwimbaji. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, na nyimbo zake zikaimbwa maharusini, vinyozini, viwanja vya mpira. Ikafika siku kwamba akifungua mdomo jukwaani, watu elfu wanamaliza neno kabla yake. "Nikapoteza kusikia sauti yangu mwenyewe," alisema, akigusa sikio. Akaacha majukwaa. Akatoa sahani za santuri zisizo na picha ya uso wake. Watu wakapiga mahema mlangoni kwake. Kaka yake alikuwa akichimba mifupa ya kale upande wa Sur, akamwita aje apumzike. Akaja. Hakurudi.

"Na falaji?" aliuliza Shukriya.

Akawaonyesha. Ngazi ya mawe ilishuka kutoka sebuleni mpaka gizani, maji yakipita chini kwa sauti ndogo. Kwenye kidato cha mwisho palikuwa na spika imeelekezwa ndani ya mfereji, na juu kidogo maikrofoni, na mashine nyingine ya kunasa. Alikuwa akiipeleka sauti ndani ya pango la maji na kuipokea inaporudi. Inakwenda kavu, alisema, inarudi imeoga. Kwao hukodi majumba makubwa kupata mwangwi kama ule.

"Ud analeta betri. Siku moja anapanda ngazi, anaimba. Nikamwambia, rudia, apa, karibu na maji. Sauti yangu mimi imekufa zamani. Yake..." Hakumaliza. "Alafu akafa yeye."

"Na kwa nini unampiga kila siku?" Amur aliuliza, si kwa ukali.

Mzee akaangalia nyuma yake kwenye ngazi, kama mtu anayehofia kusikika.

"Kwa sababu ya mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wa ndani ya maji. Nilipopiga kaseti siku ya pili, nipate mwangwi, maji yakaita. Mwanamke. Ud, Ud, mwanangu. Nikazima, nikapanda, nikafunga mlango. Kesho akaita tena, mimi sijagusa kitu." Akashusha sauti. "Nikafikiri ni mama wa maji. Maji yalimchukua Ud, sasa mama yao anamtaka aliyebaki. Basi ninampa. Kila siku, kidogo. Ili asiende kumtafuta kaburini."

Shukriya aliinama kuutazama mfereji. Alisikia maji tu. Mtu wa juu alimwogopa mzimu wa chini, wa chini alimlilia mzimu wa juu, na katikati yao marehemu anakohoa.

"Yule si mama wa maji," alisema Amur. "Ni dada yangu. Ni mamake."

Mzee alikaa kwenye kidato, akajifunika uso kwa mikono yake mirefu. "Mamake," alisema. "Mamake yu ai?"

Walipotoka nje, Shukriya alikuwa na kaseti mkononi, na papo hapo akarudi kuitia mkononi mwa mzee. Akiipeleka nyumbani mama atasema wachawi wameinasa sauti ya mwanawe. Lazima aje aone kwa macho yake pale sauti inapoingilia majini. Na akishaona, Hud atakuwa amekufa tena, na safari hii aliyemuua ni Shukriya.

"Atanichukia, mjomba."

"Mie ananichukia tangu mwaka jana," alisema Amur, akifungua mlango wa gari. "Njoo, nafasi ipo."

Alhamisi alasiri Shukriya alimwambia mama yake maneno machache tu: "Nimepajua anapoimbia." Bi Ghalia aliinuka. Alivaa baibui lake, akapakua wali kwenye sahani, wali mweupe usio na chumvi, akaufunika, akachukua na lile shati lisilofuliwa. Njia nzima ndani ya gari aliishika sahani kwa mikono miwili, na kila walipokutana na bonde alimwambia Amur, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, "Polepole."

Mtaliana alisimama mlangoni. "Shikamoo, mama," alisema, vile vile alivyofundishwa na Hud.

Bi Ghalia alimpita. "Yuko wapi?"

Wakashuka ngazi. Chini palikuwa baridi. Bi Ghalia aliangaza kila pembe, akaiona spika, akaiona mashine na taa yake nyekundu. Akasimama. Mzee alimtazama Shukriya, na Shukriya akainua kichwa: bonyeza.

Karafuu zi juani. Kikohozi. Kicheko. Mkono wa kuanua. Mama alisikiliza, sahani kifuani. Nyimbo ikaisha, mahali ambapo siku zote mzee alikuwa akizima, na safari hii hakuzima. Hud akasema, karibu kabisa, bila mwangwi wowote:

"Khalas, baba, zima. Mama akijua namwaga nyimbo zake kwa Mtaliana ataning'oa masikio. Nimeliona wingu huko nje. Acha niwahi Sur."

Kisha miguu, ikipanda ngazi hii hii, kiatu cha kushoto kikiburura kama kawaida yake. Mlango. Kisha maji, maji peke yake, mpaka kaseti ikafika mwisho ikajizima.

Bi Ghalia alibaki akiitazama mashine.

"Wingu aliliona," alisema. "Aliliona, na akaenda."

Akaigeuzia mashine mgongo.

"Amur. Uso ulikuwaje?"

Amur akashuka vidato viwili akasimama karibu naye, na akamwambia. Alimwambia yote, taratibu, kwa sauti ya chini, na Shukriya akaziba masikio yake akawa anaona midomo tu. Alipoyaachia alimsikia mama yake akiuliza, "Ulimfunika?"

"Kabla ya kitu chochote. Uso kwanza."

Bi Ghalia alitikisa kichwa kama mtu anayekubali habari kutoka mbali. Akafunua sahani, akamsogezea kaka yake. "Kula."

Amur alikula kwa vidole, amesimama, machozi yakimwingia mdomoni.

"Hauna chumvi," alisema.

"Najua."

Ijumaa ilipita, na kaburi likabaki kama lilivyo. Jioni yake kopo la chumvi lilirudi jikoni, na mchuzi wa kwanza Bi Ghalia aliutia chumvi ya mwaka mzima. Hata paka alikunywa maji. Shukriya aliumaliza wote.

Kaseti Bi Ghalia hakuitaka. Alisema ibaki pale ilipozaliwa. Lakini baada ya wiki kadhaa Bi Kaltham alikuja mbio tena, kanga imemdondoka, sauti imeanza upya! Wakaenda. Ni kweli, falaji ilikuwa ikiimba Karafuu zi juani, lakini kwa sauti ya kizee, iliyokwaruza, iliyokuwa ikipapasa njia. Mtaliana. Alikuwa akiimba mwenyewe, na mwisho wa mstari aliipandisha sauti juu, juu, kama watu wa kwao.

Bi Ghalia aliacha kufua, akatia kichwa shimoni. "Hapo unashuka! Hupandi, unashuka!"

Sauti ikakatika. Kisha sauti ikaanza tena, kutoka mwanzo, na ilipofika pale ikashuka.

Hivyo ndivyo walivyokuwa alasiri nyingi, yeye huku na mzee kule, wasionane, mama akimsahihisha na yeye akirudia. Waliwahi kutembeleana? Hata mara moja. Mwaka 2003 kaka yake Mtaliana alikuja na gari akamchukua, kifua kimemzidi, na jumba likafungwa kwa mnyororo. Mashine zake alizibeba. Amur alikwenda akahakikisha. Mle ndani mlibaki mkeka.

Shukriya wakati huo alikuwa anafundisha Sur, akirudi nyumbani mwisho wa wiki. Alasiri moja alimkuta mama yake falajini peke yake, nguo zimeshakamuliwa, ungo umejaa. Alikuwa akiimba mstari wa kwanza ndani ya shimo, kwa sauti ndogo. Kisha akanyamaza, ameinamisha sikio kwenye giza, kama anayemwachia mwenzake mstari wa pili.

"Mama, mbona huondoki? Jumba limefungwa. Unamngoja nani sasa?"

Bi Ghalia alimwinulia mkono bila kugeuka.

"Nyamaza," alisema. "Anavuta pumzi."